Majivu Usoni mwa Mama

Harufu ya petroli inayoungua hunirudisha kwenye uwanja wa misheni, nje kidogo ya Iringa, ambako gari la sinema lilisimama jioni moja miaka ya hamsini, shuka jeupe likatundikwa na jenereta likaanza kunguruma. Nilikaa mbele kabisa nikijiona, kwa sababu kwenye picha ile ya kufundisha usafi nilikuwamo mimi na mama. Mwongozaji wake, mzungu aliyetembea na mkalimani, alikuwa amemchagua mama kwa kuwa alifanya kila alichoelekezwa bila kuona haya. Mama yangu, ambaye ndiye aliyefua vitambaa vya altare, alipakwa majivu, akavishwa matambara, akaambiwa amlishe mtoto kwa mikono michafu. Mtoto mwenyewe ni mimi. Siku ile ya kupiga picha tulicheka sana.

Uwanjani hakuna aliyetuambia kwamba lile ni igizo. Sauti ya kwenye picha ilisema huyu ndiye mama mchafu, na watu wakaangua kicheko. Miongoni mwao walikuwamo wakwe watarajiwa wa dada yangu Agnesi, ambao walikuwa wameshaleta jembe, alama kwetu kwamba binti ameposwa. Siku chache baadaye shangazi wa kijana akaja.

“Kamwene, mama Agnesi. Tumefuata jembe letu.”

“Kuna nini tena, shangazi?”

“Tumeona unavyolea. Kijana wetu atakula nini kwa binti wa nyumba hii?”

“Lile lilikuwa igizo tu. Majivu walinipaka wao.”

“Kwani yule tuliyemwona si wewe?”

Mama alitazama viganja vyake, maana kweli alikuwa ni yeye. Agnesi mwenyewe ndiye aliyelitoa jembe nyuma ya mlango, akalifuta kwa upindo wa khanga yake, wasije wakasema limerudi chafu. Niliona aibu mpaka nikawa nakwenda kisimani peke yangu, nisionekane na mama. Tangu hapo mama hakumwandalia mgeni chakula kabla ya kumwonyesha viganja vyake, na mpaka leo nikikumbuka viganja vile uso unaniwaka.

Sasa naishi Mbeya kwa mjukuu wangu, mwenye duka la simu Mwanjelwa, anayependa filamu za Kikorea zilizotafsiriwa. Amenionyesha kazi za mwandishi na mwongozaji mmoja wa huko, mzee wa rika langu, aliyeanza kwa kubeba taa za wenzake hadi akatunga na kuongoza filamu zake mwenyewe. Katika ya kwanza alimpa mama yake nafasi ya mwizi wa sokoni, na mama huyo, aliyekuwa mchuuzi, akakataa kurudi sokoni kwake hadi watu waonyeshwe kwamba yule mwizi si yeye. Ndiyo maana kila filamu ya mzee huyo huishia kwa waigizaji kunawa nyuso na kutaja majina yao.

“Bibi, mbona unalia? Imeshaisha,” mjukuu aliniuliza.

Mama naye alinawa siku ile ya kupiga picha, nyuma ya nyumba, mimi nikimmiminia maji kwa kata, akatoka uso unang'aa. Mwongozaji alikuwa ameshafunga kamera yake.