Elektroni Si Nyundo

Mwaka wangu wa pili wa kufundisha fizikia Masumbwe, niliwaambia kidato cha sita kwamba elektroni ikigonga molekuli ya naitrojeni huivunja kama nyundo inavyovunja jiwe la dhahabu. Msichana mmoja, ambaye mama yake hugonga mawe machimboni, akanyoosha mkono.

"Samahani, madam. Nyundo ya mama ni nzito. Elektroni umesema ni nyepesi kuliko atomu mara maelfu. Inaivunjaje?"

Nilimwambia wazi kwamba sijui. Niliona aibu, lakini zaidi nilijikasirikia. Miaka yote ya chuo nilikuwa nimekariri sentensi ile bila kuihoji.

Nikawa nasoma kila jioni nikishamaliza kusahihisha madaftari. Nilipoelewa, niliamua kwamba wanafunzi wataona kwa macho yao. Nilihitaji kupitisha umeme ndani ya bomba la kioo lililopunguzwa hewa, lakini shule haikuwa na pampu ya kutolea hewa. Mkuu wa shule akanishauri niiruke mada ile.

"Mtihani hauulizi hayo, mwalimu."

"Mwanafunzi ameuliza, mkuu."

Sokoni kulikuwa na mzee wa Kisukuma anayetengeneza friji. Nilimwamkia, akaitikia, nikamweleza shida yangu. Alinitolea kompresa ya friji bovu. "Hii inasukuma gesi, mayu," alisema. Ndivyo wanavyomwita mama huko kwetu.

"Mimi nataka inyonye hewa, baba."

Akafikiri kidogo, kisha akanifungia mpira upande wa kunyonyea. Koili ya gari ya kukuza umeme niliipata gereji ya jirani.

Mara ya kwanza bomba la kioo lilipasuka. Mara ya pili hewa ilivuja kwenye kizibo, hakikuwaka kitu. Nikakiziba upya kwa gundi, nikasubiri siku mbili ikauke.

Mara ya tatu tulifunga mapazia ya maabara. Kompresa ikanguruma, na taratibu ndani ya kioo ukajitokeza mwanga wa waridi unaoelekea zambarau. Darasa zima lilisogea mbele.

"Mfano wangu wa nyundo ulikuwa mbaya, ufuteni," niliwaambia. "Elektroni ni nyepesi mno kuzisukuma atomu. Inachofanya ni kuzipa nishati elektroni zinazoziunganisha. Mara nyingi molekuli husisimka tu, kisha huitoa nishati ile kama mwanga huu mnaouona. Ikipokea nishati ya kutosha, muungano hushindwa kushika, atomu zikaachana."

Yule msichana alikuwa bado ameinamia bomba. "Kwa hiyo ni kukata kamba ya mzigo, si kuupiga mzigo?"

"Karibu na hapo. Ila kwenye mtihani usiandike kamba."

Akacheka, akauliza kuhusu oksijeni. Nikamwambia kwamba hiyo huachana kwa nishati ndogo zaidi. Mkuu wa shule alikuwa amesimama mlangoni sijui tangu lini. Aliomba aoneshwe tena, na papo hapo umeme ukakatika.

Hakuna aliyetoka. Umeme uliporudi, chai ya saa nne ilikuwa imeshapita, na mkuu alikuwa amekaa dawati la mbele. Nikawasha kompresa.