Jina Lililotangulia Rangi

Zamani, kabla barabara haijafungwa, malori mengi yaliyoingia Walikale, mashariki mwa Kongo, yalibeba sahihi moja kwenye kona ya mlango: Atelier Honoré, yaani karakana ya Honoré. Na herufi zote za malori hayo, pamoja na hiyo sahihi yenyewe, zilipakwa na mkewe, Emérita. Tusimseme vibaya marehemu. Honoré alikuwa mtu mwema na mdomo wake ulikuwa mtamu kwa madereva, ila akishika brashi, hata herufi O ilimtoka na pembe. Basi yeye alipatana kazi, mkewe akaifanya, na sifa zikaenda zinakojua kwenda.

Vita vya 2012 viliwatimua hadi porini upande wa Ntoto, na huko homa ikamchukua Honoré. Mwaka huohuo, Fuso ya Papa Symphorien, mfanyabiashara Mnande kutoka Butembo, ilichomwa karibu na Mpofi. Ilikuwa ya buluu, yenye michirizi ya njano na maneno MUNGU ANAJUA mbele. Emérita aliposikia alilia kama amefiwa mara ya pili, kwa sababu hakuna lori alilolipamba kwa upendo kama lile.

Miaka miwili baadaye barabara ikaanza kupumua, na Symphorien akaagiza Fuso nyingine. Emérita akaenda dukani kwake kuiomba kazi.

“Mama, mimi nilizoea Honoré,” Symphorien akajibu, akikuna kidevu. “Na Gustave naye ameomba.”

Gustave alikuwa mwandishi wa vibao vya maduka, kijana mwenye maneno mengi kuliko rangi. Alikuwa pale pale, ameegemea kaunta.

“Kamyo si kitambaa ya meza, Papa,” akasema, kana kwamba lori halifai mkono wa mwanamke.

Symphorien akawaza, kisha akatoa boksi chini ya kaunta. Ndugu yake wa Dubai alikuwa amemtumia kigari cha rimoti, na mzee mzima alikifurahia kuliko wajukuu wake. Lakini bodi yake ilikuja uchi: ganda la plastiki jembamba, angavu kama glasi, lenye umbo la pikapu, halijakatwa wala kupakwa.

“Unipakie hii sawasawa na Fuso yangu yenye iliungua. Iko moja tu, akuna ingine. Ukiiweza, kamyo iko yako. Ukiiharibisha, Gustave njo ataandika.”

Emérita alilibeba ganda lile nyumbani kwa mikono miwili. Aliliosha kwa sabuni, maana lilikuwa na mafuta ya kiwandani, na rangi haishiki penye mafuta. Hakulikata kwa nguvu. Alikwaruza mstari kwa wembe, akakunja taratibu, na plastiki ikaachia yenyewe. Penye mviringo wa magurudumu aliazima mkasi uliopinda wa muuguzi. Matundu ya kushikilia bodi hakuyatoboa kwa msumari wa moto. Aliyazungusha kwa ncha ya mkasi, kidogo kidogo, mpaka yakatosha. Kwenye kipande cha masalio alijaribu kupaka kwa nje, akakisugua na changarawe. Rangi ikatoka. Akaelewa kwamba kitu hiki kinapakwa kwa ndani, plastiki iwe ngao yake. Hapo moyo wake ukajaa majivuno.

Lakini mazoea yana taabu. Kwa miaka ishirini mkono wake ulianza na rangi ya chini, ukafuatisha michirizi, kisha maneno, na mwisho kabisa sahihi. Kwa hiyo akapaka buluu, ndani yote. Akaligeuza ganda alitazame. Kwa nje ilionekana buluu tupu. Chochote atakachoongeza kingebaki nyuma ya buluu, kisionekane milele. Alikuwa ameipoteza Fuso kwa mkono wake mwenyewe.

Gustave, aliyekuwa akipita mara nyingi kuliko njia ilivyohitaji, akachungulia.

“Pangusa na diluant, Mama. Ni kitu kidogo.”

Emérita alitia tone la kiyeyusha rangi hicho kwenye kipande cha masalio kwanza. Kikawa cheupe kama maziwa, kikapasuka. Alimtazama Gustave, naye Gustave akakumbuka kwamba ana kazi mahali.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Rangi ilikuwa bado mbichi, na Emérita alikumbuka jinsi kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, ilivyomwagika na kubabua rangi ya meza ya jirani. Akajaribu tone moja kwenye kipande kingine, nacho kikabaki angavu. Basi Emérita, mwimbishaji wa kwaya ya parokia, akaingia, saa tatu asubuhi, katika nyumba ya Mama Blandine muuza kanyanga.

“Unipe chupa moja. Si ya kunywa.”

“Bote banasemaka vile, Mama,” Blandine akajibu, akimmiminia.

Alipangusa mpaka vidole vikachubuka. Ganda likarudi angavu. Sasa alijua: hapa cha mwisho hutangulia. Sahihi kwanza. Akainua brashi, na ikasita hewani. Kisha akaandika jina, kinyumenyume, akilikagua kwenye kioo. Baada yake maneno, halafu michirizi ya njano, na buluu ikafunga nyuma, tabaka nyembamba nyembamba, kila moja ikisubiri jua.

Jumapili baada ya misa aliliweka kwenye kaunta ya Symphorien. Lilikuwa limefifia, limejaa mikwaruzo na madoadoa kwa nje. Gustave akacheka kwa sauti.

“Njo hii, Papa?”

Emérita akalivuta ganda karibu. Akaingiza ukucha kwenye ukingo na kubandua ile ngozi nyembamba ya kinga ambayo kiwanda kilikuwa kimelifunikia kwa nje. Ikatoka yote kwa mkupuo mmoja, na Fuso iliyoungua Mpofi ikang'aa mbele ya watu.

Symphorien alisoma MUNGU ANAJUA kwa sauti ya chini. Kisha akainamia kona ya mlango.

“Emérita? Na Honoré?”

“Honoré alikuwa anaongea na bashoferi, Papa. Herufi zilikuwa zangu. Tangu mwanzo.”

Mzee alivua kofia yake.

“Basi mukono ya kamyo yangu haikukufa,” akasema, na machozi yakamtoka bila aibu.

Kigari kilikimbizwa matopeni mpaka jioni. Kilipinduka, kikagonga mawe, kikapanguswa, na rangi ikabaki nzima. Fuso mpya ilipofika, Emérita aliipaka kwa utaratibu wa chuma: buluu, njano, maneno. Gustave ndiye aliyemshikia ngazi. Mwisho kabisa akaja kwenye kona ya mlango na kuandika EMÉRITA, kwa herufi kubwa kama sahani.