Ng'ombe wa Nadhiri na Ndoo ya Damu

Tangu siku ile sili nyama ya ng'ombe. Nikikaribia bucha la hapa kwetu Magogoni, Kisauni, navuka barabara, na mwenye bucha, ambaye tumesalimiana miaka na miaka, sasa anadhani nimemchukia. Sina la kumwambia. Nitamwambia nini, kwamba mdogo wangu alipiga picha?

Mdogo wangu ni mpiga picha wa harusi. Ndiyo kazi inayomlisha na anaiweza: anajua kumweka bibi harusi hina ikaonekana yote, anajua kumficha shangazi aliyenuna nyuma ya maua. Lakini alijiunga na kikundi fulani cha wapiga picha huko mjini kisiwani, watu wa kukutana Jumapili na kunywa kahawa ghali, akaanza kuona harusi ni kazi ya kishamba. Kikundi hicho kikaandaa maonyesho. Kila mmoja achague mchoraji maarufu wa zamani, apige picha zinazofuata kazi yake. Wenzake walichagua wachoraji wa maua, wa bahari, wa wanawake waliokaa dirishani. Wangu akachagua mchoraji wa Ulaya aliyechora ng'ombe aliyechunwa, ananing'inia kwenye boriti, mbavu wazi.

Alinionyesha mchoro wenyewe kwenye simu wakati ninakula. "Tazama rangi hizo, dada." Niliona nyama. Niliona wekundu, na manjano ya mafuta, na giza nyuma yake, nikasogeza sahani. Akanieleza kwamba mchoraji huyo, inavyosemekana, alimtundika ng'ombe mzima chumbani mwake akakaa naye siku kadhaa, na nyama ilipoanza kupauka akawa anaimwagia damu ili rangi irudi, hadi majirani wakaenda kuwaita watu wa afya kwa sababu ya uvundo. Aliyasema haya akichekelea kwa mapenzi, kama anayesimulia vituko vya babu yake. Nikamwambia huyo mchoraji wake alikuwa mchafu.

"Alikuwa mkubwa," akanijibu.

Sikuona kwa nini mtu asiwe vyote viwili, na hadi leo sioni.

Sasa, ng'ombe mzima atampata wapi? Hapo ndipo ilipoingia nadhiri ya mama.

Kabla ya mambo haya, mdogo wangu aligongwa na lori kule Changamwe, amepanda bodaboda anarudi kutoka kazini. Alilala hospitali hajitambui, na madaktari wakawa wanatuambia yale maneno ya kumwandaa mtu. Mama alishika chuma cha kitanda akaweka nadhiri mbele yetu sote: Mungu akimponya mwanawe, atachinja ng'ombe awalishe wajane na mayatima wa mtaa. Mtoto akapona. Mama akaanza kudunduliza. Aliuza viazi karai na bajia barazani, akauza na bangili zake za dhahabu, na kila aliyemshauri apunguze iwe mbuzi alimjibu kwamba yeye hakumwomba Mungu nusu ya mtoto.

Nyama ya nadhiri kwetu haili aliyeiweka, wala watu wa nyumba yake. Inatoka yote. Hilo ndilo mama alilokuwa akilingojea, kuiona inatoka hadi kipande cha mwisho, ajue kwamba amemtimizia Mola wake kama alivyotimiziwa. Alimnunua ng'ombe mweusi kutoka upande wa Kwale, akamfunga uani, akawa anamlisha maganda ya ndizi kwa mkono wake. Akapita nyumba kwa nyumba kualika, yeye mwenyewe na goti lake bovu: Ijumaa, watu wakitoka kusali, njooni na vyombo.

Ndipo mdogo wangu akamjia na sauti ya asali.

"Mama, nakuomba kitu kimoja tu. Akishachunwa msimkate kwanza. Mtundikeni stoo, niachieni asubuhi nipige picha, kisha mkate."

"Picha ya nini?"

"Ya kumbukumbu ya nadhiri yako."

Nilikohoa makusudi. Mama alimtazama yule mwanawe aliyerudishiwa, na kama kawaida yake akamkubalia. "Lakini watu wangu wasingojezwe," alisema. "Wakitoka msikitini wakute nyama i tayari."

"Inshallah, mama."

Ile inshallah yake naijua tangu anaota meno.

Alfajiri mchinjaji akaja, akachinja uani kwa bismillahi, akachuna, akatoa matumbo, wakamtundika mzima kwenye boriti la stoo. Ni stoo ya marehemu baba, ya bati, yenye dirisha dogo la upande, na dirisha lile ndilo mdogo wangu alilolitaka, mwanga uingie kwa ubavu kama kwenye ule mchoro. Nilipoingia nikakuta nyuma ya ng'ombe pametundikwa kitambaa cheusi ili ukuta usionekane. Nikakitazama vizuri. Kilikuwa buibui langu, lile la kuendea harusini, lenye nakshi za mikononi. Limepigiliwa misumari ukutani na upindo wake unanyonya majimaji ya sakafuni.

"Nitakufulia," alisema, jicho kwenye kamera.

Ilikuwa kaskazi, na jua la kaskazi juu ya bati si la mchezo. Jua halijapanda sana stoo ikawa tanuri, na nzi wa Kisauni nzima wamepata habari. Nilipewa upepeo niwafukuze, kwa sababu kwenye mchoro hamna nzi. Basi nikasimama pale, mwanamke mzima, mtandio nimeufunga puani, naipepea nyama. Haikuwa imeoza. Ingekuwa imeoza ningejua la kufanya, ningetoka. Ilikuwa na ile harufu nzito ya utamu, ya chuma na maziwa, inayokaa kooni hata ukitema. Mafuta yalilainika yakawa yanadondoka. Tone moja liliniangukia kifundoni, la vuguvugu. Yeye hakuona chochote kati ya hayo. Alipiga, akatazama, akanung'unika, akapiga tena. Mara mwanga haujafika, mara umepita, mara tusubiri wingu liondoke.

Nyama nayo ikaanza kukauka na kugeuka rangi ya kahawia, kama ilivyo ada yake. Nikamsikia anasema, "Inakufa." Nikamwambia imekufa tangu alfajiri.

Ndipo akaitoa ndoo nyuma ya mlango.

Wakati wa kuchinja nilikuwa nimemwona akikinga damu. Nilidhani anafanya usafi, uani kusitapakae, kisha ataimwaga shimoni. Kumbe aliikoroga na chumvi isigande, akaifunika sinia, akaificha. Alipofunua, juu palikuwa na povu la waridi na utando ulioshikana na ukingo wa ndoo. Akachovya brashi, ile ya kupakia ukuta chokaa, akaanza kumpaka ng'ombe wa nadhiri damu, taratibu, kutoka juu kwenda chini, akirudia palipokolea kidogo.

Msomaji wangu sina haja ya kumfundisha dini. Damu iliyomwagika ni najisi, hilo analijua hata mtoto wa chuo ambaye Kurani hajaimaliza. Ikigusa nguo tunafua kabla ya kusali. Tunachinja jinsi tunavyochinja ili itoke, na mdogo wangu alikuwa anairudisha kwa brashi.

"Wafanyani wewe?" nilimpigia kelele. "Hiyo ni nyama ya watu!"

"Itaoshwa, dada. Kidogo tu. Tazama rangi! Hebu tazama!"

Na wallahi rangi ilirudi. Ng'ombe mzima aliwaka kwenye lile giza la buibui langu, anang'aa, anatiririka, damu inachuruzika mbavuni na kudondoka sakafuni pa pa pa. Nilitupa upepeo nikatoka nje nikatapika kwenye shina la mpapai.

Wakati natapika, watu walikuwa wanaingia. Mama amevaa kanga mpya, ametandika majamvi uani, anapokea. Shikamoo, marahaba, karibuni, karibuni. Wajane wamekaa na masufuria yao mapajani, watoto wa chuo wamepangwa kivulini na mwalimu wao. Mjane mmoja, jirani yetu, mkubwa kuliko wote, ambaye alimlea huyu huyu mdogo wangu mgongoni mwake alipokuwa mchanga, aliniona nimeinama akaja kuuliza nina nini. Mlango wa stoo nilikuwa nimeuacha wazi. Akachungulia.

"Audhubillahi!" Alirudi nyuma, mkono mdomoni. "Nyama ya sadaka mwaipaka damu?"

Majamvini watu wakageuza shingo. Mama akaja, akasimama mlangoni. Mdogo wangu alikuwa na brashi mkononi, damu hadi viwikoni, na usoni ana furaha ya mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta.

"Imetoka, mama," alisema. "Picha imetoka."

Mama alimtazama ng'ombe, akaitazama brashi, akaomba aletewe kiti.

Mwalimu wa chuo ni mtu mpole. Aliingia, akaona, akatoka akaeleza wote wasikie: damu ni najisi, lakini nyama imechinjwa halali, ioshwe kwa maji mengi hadi damu iondoke yote, italika, hapana taabu. Basi tukaosha. Mchinjaji anakata, sisi wanawake tunaosha, beseni baada ya beseni. Maji ya mfereji yakakatika, tukamwita mtu wa mkokoteni atuletee mitungi. Tulisugua hadi vidole vikajikunja na nyama ikapauka ikawa kijivu, haina hata dalili kwamba iliwahi kuwa ya mnyama mwenye afya. Uani kote maji mekundu yanatafuta njia, yanapita chini ya majamvi, na watu wananyanyua miguu.

Sheria haikuwa na neno tena. Matumbo ya watu ndiyo yaliyokuwa na neno. Unaweza kumwambia mtu kitu ni halali akakubali kwa moyo mmoja, na bado mate yakamjaa mdomoni akifikiria kukitia chunguni. Walipokea kwa heshima ya mama. Walisema Mungu aikubali, Mungu akuzidishie. Lakini niliona jinsi walivyobeba masufuria yao, mbali na nguo, na yule mjane mkubwa akalibeba lake bila kulitazama ndani. Sikuwalaumu, kwa sababu ningekuwa na sufuria pale ningelibeba hivyo hivyo.

Kesho yake asubuhi mama alitoka kwenda dukani. Jaa la mtaa liko njiani. Akakuta kunguru wamelijaa lote, wanavutana, wanagombana, na chini yao paka na nzi wa kijani, na kila mmoja ana kipande cha ile nyama ya kijivu iliyooshwa. Kunguru mmoja alikuwa ameruka na chake hadi juu ya ukuta wa shule, akawa anakichana pale na kuangusha nyuzi nyuzi. Mama alirudi bila alichotumwa na haja yake. Akakaa kitandani, akanisimulia, nami nikamwambia la kumtuliza: mwalimu amesema umeshatoa, nadhiri imetimia.

"N'linadhiri watu wale," alisema. "Kunguru sikuwanadhiria."

Maonyesho yalifanyika kisiwani, kwenye jumba moja la kale. Mama hakwenda. Mimi nilikwenda, na sababu yangu haikuwa nzuri: nilitaka kuiona ile picha ni mbaya. Niliomba iwe mbaya. Nikaikuta imetundikwa peke yake kwenye ukuta mweupe, ukubwa wa mlango, na ilikuwa nzuri. Hilo ndilo linalonichefua kuliko nzi na mafuta na ndoo. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba mtu huwezi kupita. Buibui langu limekuwa giza lisilo na mwisho, na ndani yake yule ng'ombe aliyekula maganda ya ndizi mkononi mwa mama anawaka kama kaa la moto. Watu walisimama mbele yake na sambusa za nyama mikononi. Walitafuna wakitazama. Bwana mmoja mwenye miwani alisema kwamba anahisi harufu yake kabisa, akavuta pumzi akatabasamu. Nilitamani kumpeleka Kisauni nikamfungie stoo.

Picha ilinunuliwa. Mdogo wangu akasifiwa, akahojiwa, akaalikwa huku na huku, na kwa muda hatukumwona. Kisha siku moja pikapu ikasimama mbele ya nyumba, akashuka yeye, na nyuma akashushwa ng'ombe. Mkubwa kuliko yule wa kwanza, mwekundu, amenona, kamba mpya shingoni. Pikapu ikaondoka. Mama alikuwa barazani.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba."

"Nadhiri yako hii hapa. Nimeilipa. Tumchinje Ijumaa, na safari hii hapana picha, wallahi."

Mama alimtazama ng'ombe toka pembe hadi mkia. "Mashallah," alisema. "Mzuri. Mpeleke kwako."

"Kwangu? Mama, ni wako huyu."

"Huyo ni wa picha yako. Nadhiri n'liiweka mimi, nitaitimiza mimi, Mungu akinipa umri. Nisipofika, mimi na Mola wangu tutakwenda kuzungumza huko huko."

Mdogo wangu alicheka, kile kicheko cha mtu anayeona ardhi inaondoka chini ya miguu. "Lakini mama, si uliiweka kwa ajili yangu? Si mimi niliyepona?"

"Umepona, alhamdulillahi. N'liomba uhai, nikapewa uhai. Kukuombea na haya, mwanangu, n'lisahau."

Mdogo wangu alisimama na kamba mkononi. Alinitazama mimi nimsaidie, nikatazama pembeni. Mwishowe akamgeuza ng'ombe, wakaondoka kwa miguu kuifuata barabara, watoto nyuma yao wanapiga vigelegele wakidhani ni sherehe. Bado anachechemea mguu ule uliovunjwa na lori. Mama hakumwita. Aliutazama ule mguu mpaka walipopinda kona.