Mlezi Aliyeomba Radhi Kila Jumamosi

Wasomaji wangu, mmezoea kunikuta hapa nacheka. Leo mnivumilie. Jumatano tulimzika kijijini Ngonga, huku kwetu Kyela, mama mmoja aliyekuwa mlezi wa bweni la wasichana, katika chuo kikuu nilichowahi kupikia. Presha ilimwangusha akipalilia mpunga, na gari lilipopatikana alikuwa ameshatutoka. Hatukuwa ndugu. Mimi nilikuwa mpishi tu, elimu yangu kidato cha nne. Semina ndiyo iliyotukutanisha.

Chuo kiliamua wafanyakazi wote, hata sisi wa jikoni, tufundishwe namna ya kumsaidia mwanafunzi aliyeelemewa na mawazo. Siku mbili, soda na maandazi. Nami kwa ndoto zangu nikajiona tayari natembea na sufuria ya wali nikiponya chuo kizima. Tukapangwa wawili wawili, mmoja aigize mwanafunzi. Nikajifanya nimefeli, nimekata tamaa. Mama akaniuliza, "Kwenu wanajua?" Mwalimu wa semina akamkatiza kwa upole: siri ya mwanafunzi ni yake, isipokuwa uhai wake ukiwa hatarini. Mama akaandika, kisha akaninong'oneza kwamba huyu mwalimu hakulelewa Kyela. Na kweli, kwetu mtu haugui peke yake. Ukiumwa kichwa, shangazi yako wa kijiji cha pili anajua kabla dawa haijashuka tumboni.

Wiki chache baadaye binti wa mwaka wa pili, mtu wa Ngana, kijiji cha huko huko Kyela, aliacha kuja kula. Mama akamfuata chumbani, akamuuliza wazi kama tulivyofundishwa: unafikiria kujiua? Binti akasema ndiyo. Mama hakubanduka mpaka mshauri wa wanafunzi alipofika. Hapo alifanya vizuri kuliko ambavyo yeyote kati yetu angefanya. Kisha akampigia simu baba wa binti, akamweleza yote. Kesho yake mchana likapanda gari la Noah kutoka Kyela, limejaa pomoni: baba, wajomba, shangazi wawili, mchungaji, na kina mama wa kwaya wakiimba tangu getini. Walikuja kwa upendo, sina shaka. Lakini madirisha yote ya bweni yalijaa vichwa, na binti alitoka amejifunika khanga usoni kama mtu aliyekamatwa. Akaahirisha mwaka, na hakurudi tena. "Nilimwita baba," Mama aliniambia jikoni, "likaja kanisa zima."

Tangu hapo, kila Jumamosi aliyopata nafasi, alishuka Ngana kumwomba radhi. Nilimsindikiza mara moja. Binti alikuwa anageuza kakao iliyoanikwa juani; Mama akainama, akageuza naye. Halafu binti akauliza, bila hasira, "Mama, nilikuambia wewe. Kwa nini ukawaambia wao?"

"Niliogopa, mwanangu. Nilidhani mikono yangu peke yake haitoshi."

Hakujitetea zaidi. Alikwenda tena, na tena, hata alipostaafu na kurudi Ngonga, hadi binti akaanza kumsimulia mambo yake.

Msibani binti alikuja, akakaa mkekani karibu nami. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama Jumamosi nitakwenda Ngana mimi, badala ya Mama. Nikakubali haraka, kama ninavyokubali kila kitu, naye akanishukuru kwa Kinyakyusa, ndaga, akainamisha kichwa.

Juzi nilikwenda. Nikamuuliza lile swali la semina, wazi: unafikiria kujiua? "Kuna siku," akajibu, akaendelea kugeuza kakao. Nikamwomba twende wote kliniki Jumanne. Amekubali, kwa sharti kwamba nisimwambie baba yake. Basi tangu juzi naishika simu naiweka, naishika naiweka. Je, uhai wake uko hatarini kiasi cha kuvunja sharti hilo? Mwalimu wa semina angejua. Mama pia alidhani anajua.

Nikipewa nafasi ya kuwaomba wakubwa wa vyuo jambo moja, nitasema kutufundisha sisi ni vizuri, ila hakutoshi. Wafundisheni na wazazi namna ya kuja: mtu mmoja, kimya, aketi, asikilize. Kama baba wa Ngana angejua kuja hivyo, leo ningempigia.