Udongo wa Zizini

Aliyehusika ni mkuu wa kituo chetu cha kupima udongo, Musoma. Nalitanguliza hilo ili msomaji asimtafute mkosaji miongoni mwa wakulima, kama ilivyofanywa wakati ule. Anayemfuatia ni mimi, niliyekuwa karani wa majalada.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya Ujamaa. Upande wa Bunda kilianzishwa kijiji kipya chenye shamba la pamoja la pamba, na kabla ya kupanda, mtafiti wetu alitakiwa kupima rutuba yake. Utaratibu wake ulikuwa mmoja: kulipita shamba lote, kuchimba hapa na pale, kuchanganya udongo ndooni, kisha kutia kiasi mfukoni na kuandika lebo. Kazi hiyo huchukua siku nzima. Mkuu alikuwa na haraka ya ripoti. Akaagiza wanakijiji wenyewe walete udongo Nyasura, hapo Bunda, nasi tuupokee pale. Mtafiti alipinga kwa maandishi. Pingamizi hilo nililiweka jaladani kwa mkono wangu.

Aliyeuleta ni mzee aliyechaguliwa kusimamia shamba. Udongo ulikuwa mweusi, laini, unavunjika vidoleni kama ugali wa ulezi uliopoa. Mama mmoja aliyefuatana naye akatuuliza kama huko Musoma tunaula au tunautazama tu, maana ng'ombe wake angalau huulamba. Watu wakacheka, na mkuu akacheka nao.

Majibu ya maabara yalikuwa mazuri mno: naitrojeni tele, fosforasi tele. Mkuu akatia sahihi kwamba shamba halihitaji mbolea, na samadi iliyokuwa imetengwa ikapelekwa kijiji kingine. Pamba iliota, ikageuka manjano, ikakoma chini ya goti. Mkuu akaandika tena: udongo ni mzuri, kwa hiyo tatizo ni uvivu wa watu.

Mtafiti hakuridhika. Tulikwenda naye, akachimba mwenyewe, akakuta udongo mwekundu wa kichanga uliochoka. Akamwuliza mzee ule mweusi ulitoka wapi. Mzee akatuonyesha kona moja ya shamba.

"Tulikuwaga tunafungia ng'ombe pale," alisema. "Sasa mgeni ametoka mbali kuja kutaka udongo, mwanangu, nimpe huu uliochoka? Hata wewe ungenionaje?"

Mtafiti alitabasamu, kisha tabasamu likaisha. Akanigeukia. "Andika, bwana karani. Neno kwa neno."

Niliipiga chapa barua ya masahihisho, nakala mbili. Ilieleza kwamba sampuli ilitoka zizini, kwamba majibu hayafai kutumika, na kwamba kosa ni la utaratibu wetu wala si la mzee, ambaye hakuwahi kuambiwa achimbe wapi. Mkuu aliisoma akiwa amesimama, akaniamuru niiweke katika jalada lililofungwa. Wiki hiyohiyo mtafiti alipata uhamisho.

Kisha kikaitishwa kikao cha viongozi huko Butiama, na mzee akaitwa kujieleza. Nakala ya pili ilikuwa ndani ya daftari langu, juu ya magoti. Walimwuliza kama ni kweli alipewa ardhi yenye rutuba. Alijibu kwamba habari za rutuba wanazijua waliopima, akanitazama. Nikasimama.

"Ndugu mwenyekiti, ipo barua ya masahihisho."

Mkuu hakugeuka. "Karani yuko hapa kuandika kumbukumbu," alisema. "Hatoi hoja."

Mtu mmoja nyuma aliguna. Mwenyekiti aliningoja kidogo, kalamu mkononi, kisha akasema tuendelee. Nilikaa. Nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri, kwamba msimamizi alizembea kazi ya taifa. Aliondolewa usimamizi palepale, mbele ya wakwe zake, na toka siku hiyo nyumba yake ikaitwa nyumba ya wavivu.

Miaka mingi baadaye nilimkuta mzee huko Kitaji, Musoma mjini, kwa binti yake. Nilimwamkia, akaitikia, akanikaribisha kiti. Aliniuliza jambo moja tu: kama ile barua niliiandika kweli. Nikamwambia niliiandika.

"Basi wajukuu wangu waisome," alisema.

Alifariki kabla hawajaisoma. Daftari langu, na nakala iliyokuwa ndani yake, lilibaki kituoni; nimeandika mara kadhaa kuuliza lilipo jalada lenye barua hiyo. Nimejibiwa kwamba suala ni la zamani. Suala la zamani halifutiki kwa kuwa la zamani, na nyumba ile bado inaitwa jina lilelile.

Kwa hiyo nadai rasmi, kwa yeyote anayehifadhi majalada ya kituo kile, kwamba jalada lifunguliwe. Kwamba barua ya masahihisho iambatanishwe na kumbukumbu za kikao cha Butiama. Na kwamba neno "alizembea" lifutwe na ufutaji huo usomwe hadharani katika mkutano wa kijiji, wajukuu wa mzee wakiwapo. Nitahudhuria ili niulizwe kwa nini nilikaa. Nasubiri jibu la maandishi, lenye sahihi na cheo cha mwandishi wake.