Wali Usioonjwa

Mimi ni mpishi wa harusi. Kwetu Mji wa Kale ukisema hivyo watu washaelewa: sufuria za kubebwa na watu wawili, kuni, moshi wa macho, na jina linaloweza kuharibika siku moja biriani ikichacha. Kazi hii nimeifanya tangu mume wangu afariki, na binti yangu nimemlea humo humo kwenye moshi. Nayasema haya mapema ili msinione mjinga wa jikoni. Nililolifanya sikulifanya kwa ujinga.

Binti alikwenda kusomea upishi chuoni. Nilimcheka sana. Nani hufunzwa darasani kukaanga vitunguu? Lakini mtoto ana mkono, wallahi. Akipika mchuzi wa pweza, jirani wa orofa ya juu hushuka na sahani tupu akijifanya kaja kuniamkia. Mwaka juzi akanijia jikoni ameishika simu kwa mikono yote miwili. Kulikuwa na mashindano ya wapishi vijana, na mshindi angepelekwa Uhispania miezi sita, afanye kazi kwenye jiko la hoteli, ajifunze, kisha arudi. Hilo neno "arudi" alinisomea mara mbili, maana ananijua.

Kakake alikwenda Ghuba kwa miaka miwili. Huu ni wa tisa. Kila Ijumaa hunitumia sauti kwenye simu, "Mama, nitakuja," nami humjibu inshallah. Ana mke huko, ana watoto ambao sijapata kuwashika. Basi nilipomsikia huyu wa pili naye anataja ndege, nilianza kuhesabu miaka. Nikamwambia hongera, mamangu, Mungu akufanyie wepesi. Nilisema kwa mdomo tu.

Akapita mchujo wa kwanza, akapita wa pili. Fainali ikaangukia siku ya kumi na mbili ya Ramadhani, mchana. Waandaaji, Mungu awasamehe, sijui walitazama kalenda gani.

Sasa hapa lazima niwaeleze kitu. Kwetu Ramadhani mwanamke hupika kuanzia adhuhuri mpaka karibu na magharibi bila kuonja. Chumvi huikadiria kwa kitanga cha mkono, na pua humwambia yaliyobaki. Dini imempa mpishi ruhusa ya kuweka chakula kwenye ncha ya ulimi akatema, akiwa na haja. Lakini mamangu hakufanya, nami sifanyi, na tusidanganyane, twajisifia hilo. "Sijaonja, mnisamehe," mwanamke hukwambia akikuletea futari, nawe unatakiwa ushangae jinsi chumvi ilivyokaa.

Binti alikwenda kumuuliza mwalimu wake wa madrasa, akarudi anatabasamu. "Mama, mwalimu asema yafaa. Naonja, natema, nasukutua. Saumu yangu iko salama."

"Yafaa," nikamwambia, "lakini si mbele ya kamera. Watu watakuona umetia mwiko mdomoni mchana wa Ramadhani. Nani atajua umetema?"

"Chuoni twaonja kila hatua, mama. Tuna vijiko vya kuonjea peke yake."

"Chuoni hakuna mamako. Pima kwa kitanga kama nilivyokufunza. Au mkono wangu umekutia aibu?"

Akakubali. Ni mtoto wa kutii, huyo. Wakati mwingine namwomba Mungu awe na kichwa kigumu kidogo.

Siku yenyewe ikafika, tukapanda tuk-tuk mpaka ukumbini, upande wa Tononoka. Kila mshindani aliruhusiwa kuja na viungo vyake na mtu mmoja wa kumsaidia kubeba. Mchele, samaki, nazi, mafuta na chumvi vilikuwa vyao, vimepangwa mezani. Binti alikuwa apike wali wa nazi na samaki changu wa kupaka. Nikamtolea iliki, bizari, ukwaju. Kisha, kwa mazoea, nikatia vidole kwenye bakuli la chumvi.

Ilikuwa laini kama unga. Sisi nyumbani hutumia chumvi ya mawe, ile ya chenga kubwa. Kitanga kimoja cha hii laini chakaribia viwili vya ile yetu. Nililijua hilo pale pale, kabla sijavitoa vidole bakulini.

Nikafungua mdomo nimwambie. Wallahi nilifungua. Lakini hapo akaja mtangazaji na kipaza sauti chake, akamuuliza binti yangu: "Ukishinda, na wale Wahispania wakikwambia ubaki je?"

Binti akacheka. "Tutaona!" akasema.

Alicheka kwa raha ambayo mimi nyumbani kwangu sijapata kuisikia. Mtangazaji akenda zake, naye akanigeukia. "Mama, kila kitu sawa?"

"Sawa," nikasema. "Haya, bismillahi, anza."

Nikaenda kukaa na watazamaji. Nilimwona akitia kitanga kizima kwenye tui la wali. Nikamwona akitia tena kwenye tui zito la samaki. Meza ya pili kulikuwa na kijana wa Likoni, naye amefunga, anaonja kwa kijiko, anatema kwenye karatasi, anasukutua, anaendelea. Nikamfyonya moyoni. Hakuna aliyemtazama vibaya. Watu hata hawakumjali.

Majaji walikuwa watatu. Wa kwanza alikula kijiko kimoja akaomba maji, kisha akaomba tena. Wa tatu alikuwa mama wa makamo, amevaa buibui, naye pia amefunga. Akaweka punje mbili za wali ulimini, akatema. Akamuuliza binti yangu polepole, lakini kipaza sauti kiliyachukua maneno yote.

"Mwanangu, hukuonja?"

"La, bi mkubwa. Nimefunga."

"Na mimi nimefunga. Haja ya kuonja iliyozidi hii ungeipata wapi?"

Binti aliinamisha kichwa, akashika ukingo wa meza. Kijana wa Likoni ndiye aliyekwenda Uhispania. Amesharudi, kwa taarifa yenu. Juzi nilimwona Feri ananunua embe za pilipili.

Jioni ile tulirudi na chakula chetu, maana waliwapa washindani kilichobaki. Magharibi ikaadhiniwa, tukafungua kwa tende. Nikaujaza ule wali kwenye sahani yangu. Ulikuwa haulambiki, sembuse kuliwa. Nikala.

"Mama, wacha. Ni chumvi tupu."

"Chakula hakitupwi," nikasema, nikaendelea mpaka sahani ikaisha. Nilidhani ningejisikia nafuu. Astaghfirullahi, nilipata kiu tu.

Ndipo akaniuliza. Hakuwa analia, alikuwa anatafuta kujua. "Nimekosea wapi, mama? Nimepima vile vile ulivyonifunza."

Nafasi ilikuwa hiyo. Tulikuwa wawili tu mkekani, hakuna kamera, hakuna wa kuniaibisha. Nikamwambia: "Mkono wako ulitetemeka, mamangu. Hofu."

Akautazama mkono wake, akaamini.

Tangu siku ile hatii chumvi kwenye chakula changu chochote. Tukiwa na harusi hukata nyama, huchambua mchele, hukaanga vitunguu vya gunia zima, na chumvi hunisogezea mimi. Hoteli moja ilimwita kazini, akakataa, akasema hana uhakika. Majirani hunisifu: mwanao katulia nyumbani, siku hizi watoto kama hawa hawapatikani. Na mimi, Mungu anajua, miezi ya mwanzo nilifurahi. Nilikuwa nikiamka namsikia akifagia ukumbini, moyo wangu ukatua.

Sasa hautui. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, wasema wazee. Mimi nilijichelea mwenyewe, na anayelia si mimi.

Wiki iliyopita tangazo lilitoka tena, mashindano yale yale. Mwisho wa umri ni miaka ishirini na mitano, naye ataitimiza kabla ya mwaka kwisha, kwa hiyo hakuna mara nyingine. Nilimsomea mimi mwenyewe. Nilidhani nikimsomea itatosha, sitalazimika kusema mengine.

"Hao wataka watu wenye mkono, mama," akasema, akaendelea kuchambua mchele. "Mimi sina."

Kujiandikisha ni mpaka Ijumaa. Leo ni Jumatano, yuko hapo jikoni, na bado sijamwambia.