Jumamosi za Bwawani na Mkwe Wangu

Kwetu bara, mama mkwe hakai chumba kimoja na mume wa binti yake, wala hamtazami usoni. Nyumbani heshima hiyo haikuwa na taabu. Boma ni pana. Mkwe akija, unapita nyuma ya jiko. Lakini nyumba ya binti yangu ughaibuni, kule Gaithersburg, ilikuwa nyembamba, imebanwa ukuta kwa ukuta na za majirani: ngazi moja, jiko moja. Nilikwenda huko mwishoni mwa miaka ya tisini kulea mjukuu. Kila niliposikia gari la mkwe likiegeshwa, nilimbeba mtoto, nikapanda juu na kufunga mlango.

Humo nilikaa mpaka atoke tena. Harufu ya chai niliyoipika mwenyewe ilinifikia kupitia chini ya mlango. Nikishikwa na kiu, nilingoja. Nilimshukuru Mungu kwa kitanda, kwa joto, kwa dawa zangu za presha ambazo yeye mkwe ndiye aliyezinunua. Nikishamaliza kushukuru, dirisha lilikuwa lile lile, na uzio ule ule wa mbao.

Siku yangu ilikuwa Jumamosi. Alfajiri mkwe alichukua fito zake za kuvulia akaenda bwawani, lile kubwa linalowapa watu maji ya kunywa, na nyumba ikawa yangu hadi alasiri. Nilishuka kama mtu aliyefunguliwa kamba. Nilishangaa tu kwamba hakuwahi kuleta samaki hata mmoja.

Jumamosi moja, mwezi wa Mei ukielekea kuisha, binti yangu alisema lazima nami nikapate hewa. Tulikwenda sote kwa gari la mkwe; nilikaa kiti cha nyuma na mtoto, kitambaa nimekivuta hadi kwenye nyusi. Tulipofika, hata leso sijatandika, peja yake, kile kidude cha kumwita kazini, ikalia. Wauguzi wenzake walikuwa wamepungua hospitalini.

"Mama, nitarudi saa nane. Siwezi kukupeleka nyumbani, hospitali iko upande mwingine kabisa."

"Unaniacha na nani?"

"Na mkwe wako! Yeye hali watu."

"Na nitaongea na nani?"

"Ongea na samaki," akasema, akawasha gari.

Mbele kulikuwa na maji, nyuma msitu, na barabara nisiyojua inakokwenda. Hata mlango wa kufunga haukuwepo. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikampa mkwe kisogo. Upepo ulisukuma vumbi la manjano la maua ya miti juu ya maji. Mara nikasikia mkwe akizungumza na sanduku lake la ndoana.

"Sanduku, labda kuna anayejiuliza kwa nini tumeanzia hapa kwenye nyasi. Maji yamepata joto. Samaki walikuja kutaga kwenye kina kifupi, na madume bado wanalinda watoto. Jua likipanda, wale wengine watateremka pale ukingo unapokatika na kina kirefu kuanza. Tutawafuata na huyu mnyoo wa mpira, tumburuze chini polepole."

Nikavuta kitambaa mdomoni, nikatabasamu. Hivyo ndivyo wakwe wa kwetu wanavyosemezana, kwa kupitia vitu. Nikaigeukia chupa yangu ya chai.

"Chupa, mwambie sanduku kwamba mvuvi asiyeleta samaki nyumbani anabeba mzigo wa bure."

"Sanduku, mwambie chupa kwamba anayetaka samaki amwombee mvuvi."

"Anaombewa kila siku. Huenda ni ndoana ambayo haijaokoka."

Alicheka mpaka mshipi ukatikisika.

Jua lilipanda, na kule kwenye kina hakupata kitu. Akamrudisha mnyoo karibu na ukingo, kando ya mti ulioangukia majini. Ufito ukapinda. Wavu ulikuwa miguuni pangu.

"Mama! Wavu!"

Safari hii sanduku halikutajwa. Niligeuka, nikaingia matopeni na viatu, mtoto mgongoni, nikauweka wavu chini ya samaki. Alikuwa wa kijani, mdomo mpana. Vichwa vyetu karibu vigongane. Ndipo nilipouona uso wa mkwe wangu kwa mara ya kwanza: mvi kando ya masikio, macho ya mtu asiyelala vya kutosha.

Alimtoa samaki ndoana, akamshusha majini. "Ni dume. Watoto wake wako pale chini ya mti. Akikawia wataliwa." Samaki akarudi mbio pale pale alipotolewa. "Hata kula haendi. Anauma chochote kinachopita, kwa hasira tu."

"Namjua huyo," nikasema. Sikupitia kwa chupa.

Alikunja mshipi taratibu. "Mama, mimi sipendi kuvua. Nilijifunza kwa ajili yako. Ukisikia gari, unapanda. Nikatafuta mahali pa kukaa ili ushuke."

"Hata wakati wa barafu?"

"Wakati wa barafu nilikuwa nakaa ndani ya gari."

Nilimmiminia chai kwenye kifuniko cha chupa, nikakiweka juu ya sanduku lake.

Jioni hiyo, tuliporudi sote, miguu yangu yenyewe ilielekea kwenye ngazi. Nikasikia sanduku likitua mezani kwa kishindo.

"Sanduku, chai ni ya watu wote."

Nilikuwa nimefika katikati. Nikaketi hapo hapo kwenye ngazi, nikamwomba binti yangu kikombe. Mkwe alikunywa mezani akiwa amenipa mgongo.

Jumamosi iliyofuata jua lilipanda, na gari lake bado lilikuwa limeegeshwa nje. Nilishuka na mtoto taratibu, nisimwamshe baba yake.